Laptopu ikigoma kuwaka, usikimbilie kupiga Windows upya

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike, yenye makao yake Austin, Texas, ilituma faili dogo kwenye kompyuta za wateja wake duniani kote. Lilikuwa sasisho la kawaida, la kuisaidia programu yake ya ulinzi iitwayo Falcon kutambua mbinu mpya za wadukuzi. Dakika 78 baadaye, saa 2:27, kampuni ilikuwa imeshaliondoa. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kompyuta zilizolipokea zilionyesha skrini ya bluu, zikajizima, zikajiwasha, zikafika palepale na kujizima tena, bila kukoma.

Microsoft ilikadiria kuwa vifaa milioni 8.5 viliathirika. Idadi hiyo haikufika hata asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows, lakini nyingi zilikuwa kwenye viwanja vya ndege, benki, hospitali na vituo vya televisheni. Shirika la ndege la Delta la Marekani lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku chache zilizofuata. Nchini Uingereza, chaneli ya Sky News ilikatika hewani kwa muda, na zahanati nyingi zikashindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi ajabu. Unaiwasha kompyuta katika hali salama, unaingia kwenye folda ya draiva za CrowdStrike ndani ya Windows, unafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, kisha unawasha upya. Basi. Ugumu ulikuwa kwamba kompyuta ilijizima kabla haijaunganishwa na mtandao, kwa hiyo mafundi wengi hawakuweza kuitibu kwa mbali. Ilibidi mtu aende kwenye mashine moja baada ya nyingine. Na pale ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows ya kusimba diski, aliyekaa mbele ya kibodi alitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48.

Katika balaa lote hilo, nyaraka za watu, picha na hesabu za ofisi zilikuwa bado zimetulia kwenye diski. Kilichoharibika ni njia ya kuzifikia tu. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila mtu anapobeba laptopu iliyogoma kuwaka na kuipeleka kwa fundi, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, akakutana na jibu la haraka: hii dawa yake ni kupiga Windows upya. Mara nyingine ni kweli. Lakini likiwa ndilo jibu la kwanza, kabla skrini haijasomwa na kabla mwenye mali hajaulizwa swali lolote, linaweza kufuta kwa nusu saa kazi ya miaka, pamoja na ushahidi wote wa kilichosababisha tatizo.

Ili kuelewa kwa nini faili moja liliweza kuangusha kompyuta nzima, ni lazima kujua kinachokaa katikati ya mfumo endeshi. Hapo pana programu iitwayo kiini, au kerneli kama mafundi wengi wanavyoitaja. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za kutumia prosesa, na kinachozungumza na diski, kibodi, skrini na kadi ya mtandao. Programu nyingine zote, kuanzia kivinjari cha intaneti hadi ile ya kuandikia barua, zinakiomba kiini kila zinapohitaji kitu.

Prosesa za Intel na AMD zimetengenezwa zikiwa na ngazi za mamlaka. Kiini hufanya kazi katika ngazi ya 0, yenye ruhusa zote. Programu za kawaida hukaa ngazi ya 3. Programu ya ngazi ya 3 ikijaribu kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, kiini huifunga palepale. Mtumiaji anakasirika kidogo, anaifungua tena, na maisha yanaendelea. Kosa hilohilo likitokea ngazi ya 0, hakuna aliye juu yake wa kuingilia kati. Falcon, kwa kuwa ni mlinzi, ilikuwa na draiva yake ndani ya kiini, tena miongoni mwa zile zinazopakiwa mapema wakati wa kuwasha.

Ripoti ya CrowdStrike yenyewe ilieleza chanzo kwa uwazi. Sasisho lile lilitegemea vipengele 21 vya taarifa, ilhali programu iliyokuwa kwenye kompyuta ilitoa 20. Ilipokwenda kusoma cha 21, ikagusa eneo la kumbukumbu lisilokuwa lake. Kiini kikagundua, na kikasimamisha kila kitu.

Wengi huona kusimama huko kama kushindwa. Ukweli ni kwamba ni ulinzi. Kiini kilichogundua kuwa kumbukumbu zake haziaminiki kina njia mbili: kuendelea na kazi, pengine kikaandika takataka juu ya faili za mtu, au kusimama hapohapo na kueleza kilichoonekana. Kinachagua kusimama. Uamuzi huu una historia ndefu. Tom Van Vleck, mmoja wa wahandisi wa mfumo endeshi wa Multics, amesimulia kwamba aliwahi kumwambia Dennis Ritchie wa Bell Labs kuwa karibu nusu ya msimbo aliokuwa akiandika ulikuwa wa kushughulikia makosa. Ritchie akamjibu kuwa kwenye mfumo endeshi wao wa Unix waliyaacha yote hayo: kosa likitokea, kipengele kiitwacho panic kinaitwa, mashine inasimama, na mtu anapaza sauti ukumbini ili iwashwe upya. Kipengele chenye jina hilo kingali hai ndani ya Linux na macOS, na skrini ya bluu ya Windows ni ndugu yake.

Kwa fundi, basi, swali la kwanza ni hili: kompyuta imesimama wapi?

Kuanzia kitufe kinapobonyezwa, kazi inapokezwa kama kijiti kutoka programu moja hadi nyingine. Inaanza programu iliyo kwenye chipu ya ubao mama, UEFI, ambayo wengi bado wanaiita baiosi. Hii inakagua RAM, kibodi na diski. Ikiridhika, inaikabidhi kazi programu ya kupakia mfumo. Kwa Linux mara nyingi ni GRUB, kwa Windows ni Windows Boot Manager. Hiyo nayo inakiingiza kiini kwenye kumbukumbu. Kiini kinaamsha draiva, kinaifungua sehemu ya diski yenye mfumo, kisha kinaanzisha programu ya kwanza, ambayo ndiyo inayokuleta hadi ukurasa wa kuweka neno la siri.

Laptopu isiyoonyesha hata nembo ya mtengenezaji haijafika kwenye kiini. Hapo washukiwa ni RAM, ubao mama, skrini au umeme. Ikionyesha nembo halafu ikadai kwamba haioni diski ya kuwashia, tatizo liko kwenye diski, kwenye mipangilio ya baiosi au kwenye programu ya kupakia. Lakini ikipita nembo, vile vidoti vya Windows vikazunguka, kisha ikaja skrini ya bluu yenye herufi kubwa, hapo kiini kimeamka na kimekutana na jambo kisiloweza kulivuka. Na kimeliandika.

Maandishi hayo ndiyo mali ya kwanza ya kuokoa. Yanaweza kutoweka baada ya sekunde chache, na kosa likitokea mapema mno, kabla diski haijafunguliwa, huenda hata kumbukumbu ya tukio isihifadhiwe popote. Simu ya mkononi inatosha: piga picha ya skrini nzima, au piga video kama maandishi yanakimbia, kisha isimamishe pale unapotaka kusoma.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya picha hiyo. Laptopu ya Windows yenye umri wa miaka kadhaa inaanza kusahau saa na tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme. Dalili hiyo inajulikana: betri ndogo ya baiosi, ile ya duara kama sarafu, imechoka. Inabadilishwa, laptopu inafungwa, inawashwa, na badala ya kufunguka inatoa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ambayo namba yake ni 0x7B. Kwa macho ya haraka diski imekufa, au Windows imeharibika.

Kumbe vyote viwili vizima. Betri ilipotolewa, mipangilio ya baiosi ilirudi ilivyotoka kiwandani, na mmojawapo ni namna baiosi inavyoongea na diski. Windows iliwekwa wakati diski ikiendeshwa kwa mtindo wa RAID; sasa baiosi inaileta kwa mtindo wa AHCI. Windows inatafuta diski kwa draiva iliyozoea, haiioni, na inasimama. Fundi anayejua maana ya 0x7B anauliza kama kuna kitu kilichobadilishwa karibuni, anasikia habari ya betri, anaingia kwenye baiosi, anarudisha mpangilio ule wa mwanzo na kuhifadhi. Windows inafunguka na kila faili liko mahali pake.

Swali lile, nini kilibadilika mara ya mwisho, ndilo linalofungua kesi nyingi. Masasisho ya jana usiku. Draiva mpya ya kadi ya michoro. RAM iliyoongezwa. Programu ya kuzuia virusi iliyowekwa juu ya nyingine. Umeme uliokatika katikati ya sasisho kwenye laptopu ambayo betri yake imekufa na inategemea waya. Mtu hujibu kwamba hakuna kilichobadilika, lakini akipewa nafasi ya kufikiri, mara nyingi anakumbuka.

Windows 10 na 11 zina mlango wa dharura. Ukiizima laptopu kwa nguvu mara mbili au tatu mfululizo wakati nembo inatokea, safari inayofuata inajipeleka yenyewe kwenye menyu ya matengenezo. Humo unaweza kuondoa sasisho la mwisho, kurudisha mfumo kwenye hali ya siku zilizopita kama kulikuwa na alama ya kurejea, au kuingia hali salama. Hali salama inapakia draiva chache tu za lazima. Laptopu ikiwaka vizuri humo, kiini na diski kwa kiasi kikubwa vimesafishwa jina. Wa kutafutwa ni draiva au programu iliyoongezwa juu yake. Na ndani ya folda ya Windows kuna folda nyingine iitwayo Minidump, ambamo kila kuanguka kunakofaulu kurekodiwa huacha faili dogo lenye tarehe. Programu kama WinDbg ya Microsoft huweza kulisoma faili hilo na kulitaja jina la draiva inayoshukiwa.

Kwa watumiaji wa Linux, kesi inayorudi mara kwa mara ina sura nyingine. Chukua laptopu ya Ubuntu ambayo imesasishwa kwa miaka bila kuangaliwa, na ambayo sehemu ya diski iitwayo /boot ilitengwa ikiwa ndogo. Kila kiini kipya kinapokuja, cha zamani kinaweza kubaki, na sehemu ile inajaa taratibu. Siku moja sasisho linashusha kiini kipya lakini nafasi inakwisha kabla ya kuandikwa initramfs, yaani kifurushi chenye draiva ambazo kiini kinazihitaji ili kuifikia diski yenyewe. Asubuhi mwenye laptopu anakuta skrini nyeusi, mistari ya maandishi meupe, na mstari unaosema kernel panic, ukieleza kuwa mfumo umeshindwa kufungua mzizi wa mafaili. Kwenye baadhi ya laptopu taa ya Caps Lock inawaka na kuzima bila mtu kugusa chochote. Hiyo nayo ni ishara ileile.

Hapa pia hakuna cha kufuta. Laptopu inawashwa upya, kitufe cha Esc kinagongwa, au Shift inashikiliwa kwenye mashine za zamani, hadi menyu ya GRUB itokee. Ndani ya chaguo la mipangilio ya ziada kuna orodha ya viini vilivyopo. Unachagua cha zamani, kile kilichokuwa kikifanya kazi juzi. Mfumo unafunguka. Amri ya df -h /boot inaonyesha kuwa nafasi imejaa hadi asilimia 100 au karibu yake. Amri ya sudo apt autoremove inaondoa viini visivyotumika, sudo update-initramfs -c -k all inatengeneza upya vifurushi vilivyokosekana, na sudo update-grub inapanga orodha ya kuwashia. Ukiwasha tena, kiini kipya kinapita.

Kama viini vyote vinaanguka, menyu hiyo ya GRUB bado ina msaada. Bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa maneno quiet na splash, kisha bonyeza Ctrl na X. Pazia la nembo linaondoka na kila hatua ya kiini inaandikwa mbele ya macho. Mstari wa mwisho kabla ya kusimama ndio unaostahili kupigwa picha. Badiliko hilo ni la safari hiyo moja tu. Halibaki kwenye diski.

Mara nyingine programu zote hazina hatia. Kosa lilelile, namba ileile, mahali palepale kila mara, kwa kawaida linaelekeza kwenye draiva au faili. Lakini leo likija hili, kesho lile, na keshokutwa laptopu ikawaka vizuri kwa saa mbili kabla ya kuanguka, mshukiwa mkubwa ni RAM. Programu ya Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows wala Linux, inaandika na kusoma kila sehemu ya kumbukumbu kwa mizunguko mingi. Iachwe ifanye kazi usiku kucha. RAM nzima haitoi kosa hata moja. Likitokea moja, basi kuna ubovu wa kufuatilia. Laptopu ikiwa na RAM mbili, toa moja, jaribu, kisha badilishana. Kwenye zile ambazo RAM imeunganishwa na ubao moja kwa moja, matengenezo yanakuwa mazito zaidi, na ni vizuri mwenye mali aambiwe mapema.

Diski inahitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga, au taarifa zake za afya, ziitwazo SMART, zinaonyesha sehemu nyingi zilizokufa, kila jaribio la kuwasha linaimaliza. Hapo matengenezo ya mfumo yasubiri. Diski itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, na programu kama GNU ddrescue inakili kinachosomeka kwanza, kisha irudie sehemu ngumu baadaye. Hakuna sababu ya kuhangaika kuiwasha Windows juu ya diski inayokata roho.

Hata diski ikiwa nzima, utaratibu wa kunakili kwanza unafaa kuwa sheria ya kila duka la ufundi. Flashi yenye Ubuntu inayoendeshwa bila kusakinishwa inawasha laptopu nyingi zilizogoma, inaonyesha folda za mwenye mali, na inaruhusu kuzihamishia kwenye diski ya nje. Inachukua saa moja au mbili. Mwanafunzi mwenye tasnifu ndani ya laptopu hiyo, au mwenye duka mwenye daftari la madeni, anastahili saa hizo.

Kikwazo cha siku hizi ni usimbaji wa diski. Laptopu nyingi mpya za Windows hufunga diski zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, hata kama hakuomba. Ni kinga nzuri dhidi ya mwizi. Lakini fundi akibadilisha ubao mama au kugusa baadhi ya mipangilio ya baiosi, Windows inaweza kudai ule ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna flashi wala utaalamu utakaozisoma faili. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Hatari iko pale ambapo laptopu imenunuliwa mtumba au imefunguliwa na mtu mwingine dukani kwa akaunti yake, na ufunguo umebaki huko.

Watengenezaji nao wamesogea. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kuwa skrini ya bluu inageuka nyeusi na yenye maelezo machache yanayosomeka kwa urahisi, na ikaleta kwenye Windows 11 uwezo wa laptopu iliyokwama kuingia mtandaoni kutoka kwenye mazingira ya matengenezo na kupokea tiba yenyewe, jambo ambalo lingeokoa safari nyingi za mafundi mwaka 2024. Katika Linux, toleo la 6.12 la Novemba 2024 liliongeza uwezo wa kuonyesha msimbo wa QR kiini kinapoanguka, kazi iliyoongozwa na mhandisi Jocelyn Falempe wa Red Hat. Ukiuelekezea simu, maandishi ya kosa yanahamia kwenye simu, tayari kutumwa kwa anayeweza kuyasoma.

Laptopu zilizopo mikononi mwa watu wengi, hata hivyo, ni za zamani kuliko mabadiliko hayo. Kwa hizo, kuna mambo matatu ya kufanya mapema. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungua laptopu, tafuta ufunguo wa BitLocker, uandike kwenye karatasi na uiweke mbali na laptopu yenyewe. Tengeneza flashi moja ya kuwashia, ya Windows au ya Ubuntu, na ujaribu kama kweli inawasha mashine yako. Nakili folda usizoweza kuzipoteza kwenye diski ya nje. Na laptopu ikigoma, mpelekee fundi picha ya skrini, umweleze kilichobadilika mara ya mwisho, na mkubaliane kwa maneno ya wazi kwamba diski haifutwi mpaka faili zimenakiliwa na wewe mwenyewe umezifungua na kuziona.